Arusha hadi Moshi na Wale wa Kijenge

Jumatano, Kijenge

Bendi hii haijatulia na jina. Bango la mwezi uliopita lilisema hivi, la mwezi huu linasema vile, na mashabiki wamekata shauri kuwaita wale wa Kijenge, kwa sababu mazoezi yao yako huko, kwenye mtaa huo wa Arusha, kwenye stoo ya nyuma ya karakana ya seremala. Mafundi wakifunga kazi jioni, mbao zinaegemezwa ukutani, maranda yanafagiliwa pembeni, halafu vijana wanne wanapanga vyombo katikati: gitaa moja, besi, drams, na maiki inayopita kwenye spika ndogo iliyowahi kuwa ya kwaya. Hakuna kinanda, hakuna kompyuta, wala hakuna mtu wa pembeni wa kubonyeza biti.

Wanapiga panki, muziki wa nyimbo fupi, kasi kubwa na gitaa linalokwaruza. Nimesikia wakisifiwa kwa fujo, na naona sifa hiyo inawapunja. Fujo mtu yeyote anaweza kuifanya. Hawa wakisimama mbele ya watu kuna jambo linatokea chumbani ambalo sijaliona kwa wasanii wengi wenye majina makubwa, na nimeomba kufuatana nao hadi Moshi ili nilione likitokea zaidi ya mara moja.

Mpiga drams anahesabu kwa fimbo, moja mbili tatu nne, na bati la stoo linaanza kutetema. Nilifungua programu ya kupimia mwendo kwenye simu: mapigo 190 kwa dakika. Nyimbo nyingi za Bongo Fleva tunazozisikia kwenye daladala zinatembea karibu nusu ya mwendo huo. Lakini kasi peke yake si habari. Sikiliza mkono wa kulia wa mpiga gitaa. Unapiga nyuzi kwenda chini tu, chini, chini, chini, haupigi wakati wa kurudi juu. Namna hiyo ilisimikwa na Johnny Ramone wa bendi ya Ramones ya New York, ambao albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1976, ina nyimbo 14 na haifiki nusu saa. Mpiga gitaa wetu angepiga chini na juu angepata kasi ileile kwa nusu ya jasho. Ila pigo la chini lina uzito sawa kila mara, na yakifuatana mengi bila kupumzika yanatoa mngurumo mmoja mnene, kama msumeno wa mashine ulioingia kwenye gogo la mninga.

Tena hashiki noti nyingi. Anashika mbili, ya kwanza na ya tano, ile ya katikati anaiacha. Sababu ni ya kifundi: amplifaya ikishapandishwa mpaka sauti inakwaruza, noti ya katikati inavuruga kila kitu, inakuwa tope. Ukibakiza mbili, unapata ukali na bado unasikia wimbo unakwenda wapi. Kijana huyu mchana ni fundi simu, amplifaya yake ameiunga mwenyewe ndani ya boksi la redio ya zamani, na anaweza kukueleza kila waya uliomo.

Mpiga besi katoka kwenye kwaya ya kanisa. Mpiga drams, na hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote, katoka kwenye matarumbeta, yale yanayopanda nyuma ya pikapu siku ya harusi na kuzunguka mji mzima. Ile snea, ngoma ndogo yenye mlio mkali, ya haraka isiyochoka, ya kutembea kilomita nyingi juu ya gari, ndiyo hiyohiyo amekuja nayo huku. Mwenye kudhani mdundo huu umeletwa wote kutoka ng'ambo ahudhurie harusi ya Kimachame.

Na mwimbaji ni binti anayeuza mitumba. Nyimbo anatunga yeye. Leo walirudia sana ule wa mwenye nyumba, ambao maneno yake yote yangeenea nyuma ya risiti:

"Kodi ya miezi sita!"
"Sina!"
"Lete na ya dalali!"
"Sina!"

Huyo anayejibu "sina" mazoezini ni mpiga besi. Jukwaani kazi hiyo si yake.

Alhamisi, mjini

Siku ya mizunguko. Seti moja ya nyuzi za gitaa, betri, gundi ya karatasi ya kubandikia mabango. Fimbo za drams hawanunui. Seremala mwenye karakana anawachongea, na zinavunjika kwa wingi. Tulibandika mabango kuanzia Kilombero hadi Ngarenaro, mwimbaji akiomba ruhusa duka kwa duka: "Shikamoo mama, naomba nibandike hapa, nitakuja kulitoa mwenyewe Jumatatu." Akina mama wengi walikubali. Mmoja alisoma bango akauliza ni injili au ni dunia. Binti akamwambia, "Ni dunia mama, lakini hatutukani." Akaruhusiwa.

Jioni wakafanya mazoezi ya kuunganisha nyimbo tu. Mwisho wa wimbo huu, mwanzo wa ule, basi. Walirudia viungo hivyo mpaka stoo ikafungwa, na nyimbo zenyewe hawakuzigusa.

Ijumaa, Sakina

Baa yenye ukumbi mdogo nyuma, jukwaa la kimo cha kreti mbili. Kupima mitambo saa kumi. Fundi mitambo ni mtu wa heshima, amezoea wasanii wanaokuja na muziki wao kwenye flashi na kuimba juu yake, na kwa mazoea hayo alianza kwa kulishusha gitaa. Mwimbaji akamfuata taratibu: "Kaka, gitaa naomba uliache lilivyo, unisaidie tu maiki isivume." Hapo ndipo ugumu wa muziki huu kwenye ukumbi mdogo ulipo. Drams hazina kitufe cha kupunguza, gitaa linalingana nazo, kwa hiyo sauti ya mtu inabidi ipande juu ya vyote viwili, na ukiipandisha sana spika inarudi kuingia kwenye maiki, mluzi unaanza. Wakasogeza spika mbele ya jukwaa, zikampa mwimbaji mgongo. Mluzi ukaisha. Robo saa nzima ilikwenda hapo, na ilistahili.

Saa tatu usiku watu wamekaa, meza zimejaa, chalii wa Ngarenaro na Unga Limited wamesimama kwenye kaunta na wengine wameshaanza kutazama simu. Bendi ikapanda bila kutambulishwa. Moja mbili tatu nne.

Wimbo wa kwanza, watu waligeuka tu. Wa pili ukaanza kabla hawajaamua kama wapige makofi. Nilielewa sasa mazoezi ya jana. Kati ya wimbo na wimbo kuna nafasi ya pumzi moja, hakuna "Arusha mpoooo?", hakuna kuomba mikono juu, hakuna hadithi ya jinsi wimbo ulivyotungwa. Wasanii wetu wengi, hata wale ninaowapenda, wanaacha moto upoe huku wakiwaomba watu wauchochee. Hawa wanabeba jukumu hilo wenyewe. Ukishaingia, huna mahali pa kutokea mpaka wimbo wa tano, na wakati huo umeshasimama bila kujua ulisimama saa ngapi.

Wa tatu ulikuwa wa mwenye nyumba. Mwimbaji alipiga kelele, "Kodi ya miezi sita!" akaelekeza maiki kwa watu. Mpiga besi akakaa kimya. Sauti tatu nne zikajibu. "Lete na ya dalali!" Ukumbi wote: "SINA!" Hakuna aliyefundishwa. Mtu mmoja anatoa, wengi wanapokea: ngoma nyingi za nchi hii zimejengwa hivyo, ziwe za Wamaasai au za Wachaga, na mtoto wa hapa anaijua namna hiyo kabla hajajua kusoma. Waingereza na Wamarekani walioanzisha panki nao walijenga nyimbo kwa viitikio vya kupiga kelele pamoja, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi muda wote. Wale wa Kijenge wameupita tu, na maneno wanayorushiana na watu ni ya maisha ya watu hao. Pale kaunta palikuwa na mtu aliyejibu "sina" mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na naamini hakuwa anaigiza.

Mbele ya jukwaa duara likafunguka. Vijana wakaanza kurukana, mabega kwa mabega. Kijana mmoja aliteleza. Mikono minne ilimnyanyua kabla magoti hayajagusa vizuri sakafu, akaendelea. Kunyanyuana huko ni desturi ya watu wa panki popote walipo, na nilipenda kuona kuwa hapa haikuhitaji kutangazwa.

Katikati wana wimbo mmoja wa rege. Mpiga drams anapumua, besi inatoka mbele, na ukumbi ambao dakika mbili zilizopita ulikuwa vitani unaanza kuyumba pamoja. Bad Brains wa Washington, vijana weusi wenye imani ya Kirasta, walikuwa wakifanya hivi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980: panki ya kasi ya ajabu, kisha rege ya utulivu, kisha panki tena. Ukipumzika hivyo, kasi inayofuata inakupiga upya. Kwenye mji wenye Marasta wengi kama Arusha, mpangilio huo uko nyumbani kabisa.

Waliposhuka ilikuwa imepita chini ya nusu saa. DJ wa baa hakuwa na panki hata moja kwenye kompyuta yake, akaweka rege. Hata London ilikuwa hivyohivyo: mwaka 1977, kwenye klabu ya Roxy, DJ Don Letts alikuwa akiwapigia mapanki rege, kwa kuwa sahani za panki zilizokwisha kutoka zilikuwa chache mno za kujaza usiku. Mapenzi kati ya miziki hiyo miwili yalishika hapo.

Nje nilikutana na mzee mmoja wa makamo ya kustaafu, fulana imelowa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hivi hawa watoto wanapiga wenyewe? Hakuna santuri nyuma?"

"Wenyewe, mzee. Vyote."

"Nilijua. Nimekulia kwenye dansi mimi. Mtu akipiga chombo mwenyewe, mwili wako unajua." Akaomba kujua wanapiga wapi tena, akaandika kwenye simu yake taratibu, herufi moja moja.

Mji huu una historia ya muziki wa maneno mazito. Kundi la X Plastaz lilianza hapa miaka ya 1990, wakachanganya kufoka na uimbaji wa Kimaasai, wakafika Ulaya. Wakaja Nako 2 Nako, wakaja Watengwa. Watu wa Arusha wamezoea msanii anayewaambia kitu usoni, na nadhani ndiyo sababu bendi hii imechipukia hapa. Masikio yalikuwa yameshaandaliwa na hip hop.

Jumamosi, barabara ya Moshi

Vyombo vimepanda kirikuu, mpiga drams amekaa nyuma kuvishika, sisi tumepanda Kosta. Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti. Kila kituo wanaingia watu na ndizi, wanashuka watu na ndizi. Safari ya kilomita themanini hivi, na mazungumzo yalinoga tangu Usa River, kwa sababu abiria wa kiti cha nyuma alimuuliza mpiga gitaa kwa nini anapiga muziki wa Wazungu.

Hakukasirika. Alimhadithia habari za Death, ndugu watatu weusi wa ukoo wa Hackney, mjini Detroit, waliorekodi panki mwaka 1975, kabla Ramones hawajatoa albamu. Bosi wa kampuni ya sahani aliwataka wabadilishe jina la bendi. Kaka yao David akakataa. Nyimbo nyingi zikalala zaidi ya miaka thelathini, albamu ikatoka mwaka 2009, wakati David alikwisha fariki. Akamhadithia pia National Wake wa Johannesburg, Weusi na Wazungu kwenye jukwaa moja wakati wa ubaguzi wa rangi, albamu yao ikatoka 1981, na polisi wakiwaandama. Mwimbaji akachukua simu akamwonyesha Poly Styrene, binti wa London ambaye baba yake alikuwa Msomali, akiimba na bendi yake X-Ray Spex akiwa na waya za meno, sauti inapasua. "Huyu, kaka, ndiye aliyenifanya nijue kwamba sauti yangu haina ubaya," alisema. "Kwenye kwaya waliniambia napiga kelele."

Yule abiria alishuka Boma Ng'ombe. Aliomba atumiwe hiyo video.

Kilimanjaro ilikuwa wazi upande wa kushoto, jambo ambalo saa za mchana halipatikani kila siku, na Kosta nzima ilinyamaza kidogo.

Moshi, kabla ya kitu chochote, mwimbaji alipita soko la Memorial kuangalia mitumba. Kazi ni kazi. Alipata majaketi ya kwenda kuuza Arusha na koti moja jeusi la jukwaani ambalo alianza kulikata mikono palepale kwa mkasi wa mama muuzaji. Mavazi mengi ya panki yalitengenezwa hivyo, kwa vijana wasio na hela kuchana na kupachika nguo za bei ya chini kwa pini, hata kama yalikuwepo maduka ya London yaliyoyauza ghali. Koti lile lilikuwa limependeza sana.

Sasa onyesho lenyewe. Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko wa Sakina, na bendi ilikuwa ya kufungua, kabla ya msanii mwenye nyimbo za redioni. Saa moja jioni mwandalizi akawaambia drams hazitapanda jukwaani, hakuna muda wa kuzipanga na kuzitoa. Walete flashi, waimbe juu yake kama wenzao. Hakusema kwa ubaya. Kwake ndivyo maonyesho yanavyokwenda, na ni kweli sehemu nyingi nchini ndivyo yanavyokwenda siku hizi: sauti ya studio inapigwa, msanii anaimba juu yake, nusu ya maneno anaiachia spika.

Walijadiliana nyuma ya ukumbi kwa dakika kama mbili. Mpiga besi alitaka waondoke. Mwimbaji akarudi kwa mwandalizi, akamwita bosi, akamwomba kitu kimoja tu: nafasi ya sakafu mbele ya jukwaa, ya ukubwa wa mkeka mkubwa. Hawatagusa mitambo ya ukumbi. Watapiga kwa amplifaya zao na ile spika ya kwaya. Mwandalizi akaona halimgharimu kitu.

Nimeona maonyesho mengi, Arusha, Dar es Salaam, na Nairobi. Sijaona watu wakibadilika haraka hivi. Bendi ikiwa sakafuni haina mbele wala nyuma, watu waliwazunguka pande zote, waliokuwa jirani wangeweza kugusa matoazi. Hakukuwa na taa za jukwaa, taa za ukumbi ziliachwa zikiwaka, kwa hiyo kila mtu alimwona kila mtu. Sauti haikutoka kwenye ukuta wa spika. Ilitoka kwenye mikono ya mpiga drams, mita moja kutoka kifuani kwako, na ulimwona akiunyanyua mkono kabla hujasikia pigo. Kwa flashi, jicho halina la kungoja.

Wimbo wa mwenye nyumba ulipofika, mwimbaji alimpa maiki dada mmoja aliyevaa sare ya mgahawa, na yule dada akaongeza mstari wake mwenyewe: "Maji tunagawana!" Watu: "SINA!" Akafuata kijana wa bodaboda: "Marejesho ya kila siku!" "SINA!" Wimbo ule kwa kawaida hauzidi dakika mbili. Uliendelea mpaka nikaona mpiga gitaa anakunja uso kwa maumivu ya mkono, na bado hakuthubutu kuukata. Maiki ilizunguka duara zima. Mpiga drams alikuwa anaupandisha mwendo kidogo kila mstari mpya ulipoingia, kama alivyokuwa akifanya kwenye matarumbeta bibi harusi akikaribia.

Hapo ndipo nilipopata jibu la lile nililokuja kuliona. Kwenye ukumbi uliojaa watu waliokuja kumtazama mtu mwingine, bendi hii ilitengeneza wimbo ambao haukuwepo saa moja kabla, na watu wa Moshi walikuwa ndani ya wimbo huo kwa majina ya shida zao. Rekodi haiwezi kufanya hivyo. Muziki uliokwisha kufungwa kwenye flashi hauwezi kumsubiri kijana wa bodaboda afikirie mstari wake.

Yule msanii mkubwa alitoka chumba chake akasimama pembeni akitazama, mikono kifuani, mpaka mwisho. Alipopanda jukwaani aliwashukuru. Lilikuwa tendo la uungwana.

Tulikula mtori usiku, saa tano, kwa mama mmoja karibu na stendi.

Jumapili, Moshi

Asubuhi mpiga besi alikwenda ibadani. Mpiga drams alikwenda kuwasikiliza wapiga tarumbeta wa kanisa, akarudi ameridhika.

Mchana waliombwa kupiga bure kwenye uwanja wa mpira huko Pasua. Haikwenda vizuri. Uwanja hauna kuta, sauti ya besi ilipotelea hewani, upepo ukabeba maneno, na watu walikaa mbali kwenye vivuli vya miti kwa sababu jua lilikuwa kali. Kiitikio kikitoka upande mmoja, upande wa pili hausikii. Watoto walifurahi, waliruka mwanzo hadi mwisho, lakini watu wazima waliwatazama kama wanavyotazama mechi ya timu wasiyoijua. Ukali wa bendi hii unategemea kukaribiana. Ukiusambaza kwenye ekari nzima unakuwa kelele ya mbali. Siku watakapoalikwa kwenye matamasha makubwa ya wazi, na naona siku hiyo inakuja, itawabidi wafikirie upya mpangilio wao: pengine rege iwe nyingi zaidi, pengine nyimbo ziwe na nafasi zaidi ndani yake. Nilimwambia mpiga gitaa hivyo. Alisema wameanza kuliona wenyewe.

Jumatatu, kurudi

Kwenye Kosta ya kurudi walinisikilizisha rekodi waliyofanya studio mwezi uliopita. Ni safi, kila chombo kinasikika. Na haina uhai wa Jumamosi hata robo. Mtayarishaji aliwarekodi mmoja mmoja, kila mtu na spika za masikioni, akifuata mlio wa saa ya kompyuta usiopungua wala kuongezeka. Mpiga drams anayeharakisha watu wakipandwa na mori amefungwa miguu. Mpiga besi anajibu "sina" peke yake, mara tatu, sauti zimepangwa juu ya nyingine ili waonekane wengi. Unasikia kabisa kuwa ni mtu mmoja.

Wanataka kuitoa wenyewe, bila lebo. Panki ina mfano mzuri wa hilo: Januari 1977 Buzzcocks wa Manchester walikopa hela kwa ndugu na marafiki, wakachapisha sahani yao ya kwanza wenyewe, na vijana wengi wa Uingereza wakaona kumbe inawezekana. Siku hizi hata kuchapisha hakuna, ni intaneti na bando. Kinachobaki ni swali la kutoa kitu gani. Mimi nilisema wazi kuwa hii wasiitoe. Mpiga gitaa alibishana nami kuanzia Kikatiti hadi Tengeru, kwa kuwa wameshalipia. Mwimbaji alinyamaza, akasikiliza tena wimbo wa mwenye nyumba kwa sikio moja, akauzima katikati.

Jioni, stooni Kijenge, wamekata shauri. Rekodi ya studio itabaki kwenye simu zao. Fundi mitambo wa Sakina amekubali kuleta maiki zake nne karakana. Watapiga wote wanne kwa mara moja, bila saa ya kompyuta, na kiitikio kitaimbwa na watu: wamewaalika mafundi seremala, majirani, akina mama wa mabango, na yule mzee wa dansi nimempigia mimi mwenyewe. Ni Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili jioni, mashine za mbao zikizimwa. Mlango wa nyuma, upande wa mfereji. Kiingilio hakuna, ila uje na mstari wako.